Ugezi wa Vihisi vya Hewa Ukaa: Namba ya Ukutani Inapoacha Kusema Kweli

Katika ofisi, kumbi za mikutano, madarasa na hospitali nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni, kifaa kidogo kinachobandikwa ukutani kuongoza kiyoyozi, yaani thamostati, hakipimi joto peke yake. Baadhi ya thamostati hubeba ndani yake kihisi cha kabonidayoksaidi, gesi ambayo wengi huifahamu kwa jina la hewa ukaa. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kiasi cha hewa safi kitakachovutwa kutoka nje na kuingizwa chumbani. Namba ikipanda, njia ya hewa hufunguka na feni huongeza kasi. Ikishuka, njia hufungwa ili umeme usipotee bure. Namba hiyo isipokuwa sahihi, mtambo wote ulio nyuma yake hutii kosa hilo kikamilifu, na hakuna taa nyekundu inayowaka kumwonya mtu yeyote.

Hapo ndipo ilipo hatari yake. Kiyoyozi kilichoharibika hujulikana siku hiyohiyo kwa joto, na bomba linalovuja huacha alama sakafuni. Kihisi kilichopoteza usahihi huendelea kuonyesha namba inayoridhisha huku wajumbe wa kikao wakipiga miayo saa nane mchana na kulaumu chakula walichokula. Kazi ya kuzuia hali hiyo ni ugezi, neno linalotumiwa nchini kwa shughuli ya kulinganisha kifaa cha kupimia na kipimo rejea kilicho sahihi, kisha kukirekebisha pale kinapotofautiana nacho. Wananchi wengi wanaujua ugezi kupitia mizani na pampu za mafuta. Vihisi vya hewa ukaa vinauhitaji vilevile, ingawa mara nyingi husahaulika mara baada ya jengo kukabidhiwa.

Hewa ukaa haipimwi kwa sababu ni sumu katika viwango vinavyopatikana kwenye vyumba vya kawaida. Hupimwa kwa sababu ni shahidi. Hewa ya nje siku hizi ina zaidi kidogo ya sehemu 420 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni moja za hewa, kipimo ambacho kwenye skrini huandikwa kwa herufi ppm. Pumzi anayotoa binadamu ina takriban sehemu 40,000. Kwa hiyo kiwango cha hewa ukaa ndani ya chumba hueleza ni kiasi gani cha hewa iliyomo kimekwishapita katika mapafu ya watu. Wazo hili si geni. Mwaka 1858, Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa afya wa mjini Munich, alipendekeza kwamba chumba kinachozidi sehemu 1,000 kwa milioni kihesabiwe kuwa hakina hewa ya kutosha, na namba hiyo imedumu hadi leo. Mwongozo uliotolewa na Idara ya Mazingira ya Shirikisho ya Ujerumani mwaka 2008 unaichukulia hewa iliyo chini ya 1,000 kuwa haina tatizo, kati ya 1,000 na 2,000 kuwa inahitaji kushughulikiwa, na inayozidi 2,000 kuwa haikubaliki.

Ni muhimu kutofautisha gesi hii na kabonimonoksaidi, ambayo hutoka kwenye jiko la mkaa au jenereta na kuua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Kihisi cha hewa ukaa hakiitambui gesi hiyo kabisa. Familia yenye kifaa hiki ukutani haijapata kinga yoyote dhidi ya moshi wa mkaa, na isifikiri kwamba namba nzuri kwenye skrini inaruhusu kuingiza jiko chumbani.

Uzito wa kosa dogo la kipimo unaonekana kwa hesabu ya kawaida. Mtu mzima aliyeketi akifanya kazi za ofisini hutoa takriban mililita 5 za hewa ukaa kila sekunde. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu upitishaji wa hewa ndani ya majengo, linapendekeza angalau lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde katika majengo yasiyo ya makazi. Mililita 5 zikichanganywa katika lita 10 ni sawa na sehemu 500 kwa milioni, na zikijumlishwa na 420 za nje, chumba hutulia kwenye takriban 920. Ndiyo maana wahandisi wengi huuelekeza mtambo uanze kuongeza hewa unapofikia 1,000. Kwa kiwango hicho kila mtu hupata takriban lita 8.6.

Kihisi kikisoma pungufu kwa 200, mtambo husubiri hadi hewa ya kweli ifike 1,200 kabla ya kuchukua hatua, na wakati huo kila mtu aliyemo anapata takriban lita 6.4 tu. Robo ya hewa iliyokusudiwa imepotea, ilhali skrini inaonyesha 1,000. Kikikosea upande wa pili na kusoma 200 zaidi, mtambo huanza kuvuta hewa ikiwa bado 800, na kila mtu huletewa zaidi ya lita 13, yaani ongezeko la nusu nzima juu ya kilichohitajika. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, ambako hewa ya nje ni ya joto na yenye unyevu mwingi, kila lita ya ziada lazima ipoozwe na kukaushwa kabla ya kumfikia mtu. Gharama hiyo huonekana kwenye bili ya umeme, na kwa jengo la umma mlipaji wake ni mwananchi.

Kwa upande wa afya, kosa la kusoma pungufu ndilo zito zaidi. Watafiti Rudnick na Milton walionyesha mwaka 2003 namna ya kutumia kipimo cha hewa ukaa kukadiria sehemu ya hewa ya chumba ambayo imekwishatoka katika mapafu ya waliomo, na kuihusisha na uwezekano wa kuambukizwa magonjwa yanayosafiri angani. Katika chumba chenye sehemu 1,200, takriban asilimia 2 ya hewa inayovutwa imekwishapita kwenye mapafu ya watu waliomo. Ni sawa na pumzi moja katika kila 50. Katika wodi au chumba cha kusubiria daktari ambamo huenda yumo mgonjwa wa kifua kikuu asiyejulikana, tofauti ya pumzi moja katika 50 na moja katika 100 si jambo la kupuuza.

Ili kuelewa kwa nini usahihi hupotea, ni lazima kutazama kinachofanyika ndani ya kifaa. Kihisi kinachotumika zaidi kina kijitaa kinachotoa mionzi ya infraredi, kijichumba ambamo hewa hupita, na kipokezi upande wa pili kilichowekewa kichujio kinachoruhusu mionzi yenye urefu wa wimbi wa takriban maikromita 4.26 pekee. Molekuli za hewa ukaa humeza mionzi ya urefu huo. Gesi ikiwa nyingi, mionzi inayofika kwenye kipokezi hupungua, na kifaa hubadilisha upungufu huo kuwa namba. Maana yake ni kwamba kifaa hakihesabu gesi. Kinahesabu mwanga uliokosekana. Kijitaa kikizeeka na kufifia, au vumbi likitanda kwenye kioo cha ndani, mwanga hupungua vilevile, na kifaa kisicho na njia ya kutofautisha hudhani gesi imeongezeka. Mwaka hadi mwaka, namba hupanda.

Baadhi ya watengenezaji hukabiliana na jambo hilo kwa kuweka kipokezi cha pili kinachopokea mionzi ya karibu maikromita 4, ambayo hewa ukaa haiigusi. Mwanga ukipungua kwenye vipokezi vyote viwili, kifaa hujua kwamba tatizo ni kijitaa wala si hewa. Aina hiyo huwa na bei kubwa zaidi lakini hudumu katika usahihi kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, haiondoi hitaji la ugezi, inalipunguza tu.

Umuhimu wa jambo hili unathibitishwa na kipimo mashuhuri zaidi cha hewa ukaa duniani. Mwaka 1958, mwanasayansi wa Marekani Charles David Keeling alianza kupima gesi hiyo kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, kwa mtambo uliotumia kanuni hiyohiyo ya mionzi ya infraredi. Wakati huo hewa ilikuwa na takriban sehemu 315 kwa milioni. Mchoro wake, ambao leo ni msingi wa mijadala ya mabadiliko ya tabianchi, unaaminiwa kwa sababu mtambo wake ulilinganishwa mara kwa mara na mitungi ya gesi ya kiwango kilichojulikana. Mtambo wa mlimani na thamostati ya ukutani havifanani kwa bei wala kwa ukubwa, lakini vyote hupotoka bila kujijua.

Jimbo la California nchini Marekani linatoa mfano wa kile kinachotokea ugezi unapoachwa kwa ahadi ya mtengenezaji. Kanuni za nishati za majengo za jimbo hilo, zinazojulikana kama Title 24, zinataka kihisi kinachoongoza upitishaji wa hewa kisikosee kwa zaidi ya sehemu 75 kwa milioni kinapopimwa kwenye viwango vya 600 na 1,000. Zinataka pia mtengenezaji athibitishe kwamba hakitahitaji ugezi zaidi ya mara moja katika miaka 5. Watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory walikwenda kuvipima vihisi vilivyokuwa tayari kazini, na katika ripoti yao ya mwaka 2010 walieleza matokeo ya vihisi 208 katika majengo 34 ya biashara. Kwenye kiwango cha 760, asilimia 47 ya vihisi vilikosea kwa zaidi ya 75. Kwenye 1,010, vilivyokosea kwa kiasi hicho vilikuwa asilimia 40. Baadhi vilikosea kwa zaidi ya 300. Hayo yalikuwa majengo yanayotumika kila siku, yenye mitambo iliyoaminiwa kuwa inafanya kazi.

Watengenezaji wengi wamejibu tatizo la kupanda kwa namba kwa kuweka ndani ya kifaa programu ya kujirekebisha. Kifaa hukumbuka namba ya chini kabisa kilichoisoma katika kipindi fulani, mara nyingi kati ya wiki moja na mbili, na kudhani kwamba wakati huo chumba kilikuwa kitupu na hewa yake ilikuwa sawa na ya nje. Kisha hushusha au kupandisha usomaji wake wote hadi namba hiyo ya chini ilingane na 400. Kwa ofisi inayofungwa jioni na kukaa bila watu Jumamosi na Jumapili, dhana hiyo ni sahihi, na njia yenyewe ni nzuri: haina gharama, haihitaji fundi, na hurekebisha uzee wa kijitaa kimyakimya.

Yapo hata hivyo majengo yasiyolala. Wodi ya hospitali haibaki tupu usiku, wala bweni la wanafunzi, kituo cha polisi, chumba cha kuongozea mitambo ya umeme, jengo la abiria la uwanja wa ndege, au ofisi ya huduma kwa wateja inayopokea simu saa 24. Katika wodi ambayo hewa yake haishuki chini ya 650 hata alfajiri, programu huichukua 650 kuwa ndiyo hewa ya nje na kuiita 400. Kuanzia hapo kila usomaji hupunguzwa kwa 250. Hewa ya kweli ikifika 1,250, skrini huonyesha 1,000, na mtambo huona hakuna haja ya kuongeza hewa. Kwa kuwa hewa haiongezwi, kiwango cha alfajiri kinaweza kupanda zaidi, na marekebisho yanayofuata huishusha namba tena. Vifaa vingi hufanya marekebisho hayo kidogokidogo, kwa hiyo hakuna siku hata moja ambayo muuguzi angeangalia skrini na kushtuka. Dawa iliyowekwa kutibu uzee wa kijitaa huwa ndiyo chanzo cha ugonjwa wa pili, na ugonjwa huo huwapata wale hasa wanaohitaji hewa safi kuliko wengine.

Namba 400 yenyewe imepitwa na wakati. Iliwekwa kwenye programu nyingi wakati hewa ya nje ilipokuwa karibu na kiwango hicho. Mauna Loa ilisoma wastani wa siku uliofikia 400 kwa mara ya kwanza Mei 2013. Tangu hapo kiwango kimeongezeka kwa zaidi ya sehemu 2 kila mwaka. Kifaa kinachoendelea kuamini 400 huanza kazi kikiwa na upungufu wa zaidi ya 20, hata katika jengo linalofaa kabisa. Kosa hilo ni dogo, ila limekwishakula zaidi ya robo ya kosa linaloruhusiwa na kanuni za California kabla ya sababu nyingine yoyote kuingia.

Kuna jambo jingine linaloigusa Tanzania moja kwa moja, nalo ni mwinuko. Vihisi vingi hupimwa kiwandani katika mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Kadiri mahali panavyoinuka, hewa huwa nyepesi zaidi, na molekuli zinazopita mbele ya kijitaa hupungua ingawa uwiano wa gesi ni uleule. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 12. Kihisi kilichoandaliwa kwa usawa wa bahari, kikifungwa Dodoma bila kuelezwa kipo wapi, husoma karibu 880 wakati hewa ya kweli ni 1,000. Mbeya, kwenye takriban mita 1,700, kifaa hichohicho husoma karibu 810. Programu ya kujirekebisha haiondoi kosa hili: huinua namba ya chini hadi 400, lakini 1,000 ya Mbeya bado husomeka karibu 870. Tiba yake ni rahisi kuliko zote. Thamostati nyingi zina sehemu ya kuingiza mwinuko wa mahali kwenye orodha ya mipangilio, ila huja kutoka kiwandani ikiwa imeandikwa sifuri, na fundi aliyezoea kazi za Dar es Salaam anaweza kuiacha hivyo kwa sababu kule haikuwahi kumletea shida.

Kufanya ugezi wenyewe kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni kutumia hewa ya nje kama kipimo rejea. Kihisi hupelekwa nje au huletewa hewa ya nje, huachwa kikiwa kimewashwa kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika kadhaa baada ya namba kutulia, kisha huamriwa kuitambua hewa hiyo kuwa ndiyo kiwango cha nje. Urahisi wa njia hii hudanganya. Fundi akiinama kusoma skrini na kupumua juu ya kifaa, ameleta hewa yenye sehemu 40,000 mbele ya kihisi. Kazi ikifanywa kando ya maegesho ya magari au karibu na jenereta, kipimo rejea chenyewe kimeharibika. Hata wakati una maana: alfajiri, hewa inapokuwa imetulia na miti ikiendelea kutoa hewa ukaa kama ifanyavyo usiku kucha, kiwango cha nje kinaweza kuwa juu kuliko cha mchana. Saa za mchana wenye upepo, mahali palipo wazi, ndizo zinazofaa.

Njia ya pili ni mitungi ya gesi yenye cheti. Mmoja huwa na nitrojeni safi isiyo na hewa ukaa kabisa, kwa ajili ya kupata sifuri. Mwingine huwa na mchanganyiko wa kiwango kinachojulikana, kwa mfano 1,000. Gesi hupitishwa taratibu kupitia kifuniko kinachokizunguka kihisi, bila kuisukuma kwa nguvu, kwa kuwa mgandamizo ukizidi ndani ya kifuniko namba hupanda isivyostahili. Hii ndiyo njia yenye uhakika mkubwa, maana inakagua kifaa kwenye viwango viwili badala ya kimoja. Njia ya tatu ni kulinganisha. Fundi huja na kifaa cha mkononi ambacho chenyewe kimefanyiwa ugezi na kina cheti ambacho hakijaisha muda, hukiweka kando ya thamostati kwa nusu saa au zaidi chumba kikiwa na watu wa kawaida yake, na kuandika tofauti. Kwa jengo lenye thamostati nyingi, njia hii ndiyo inayotekelezeka: hukagua zote kwanza, na mitungi ikatumika kwa zile tu zilizoonekana kupotoka.

Katika majengo yasiyolala, hatua inayotangulia zote ni kuzima programu ya kujirekebisha. Ugezi uliofanywa kwa mitungi ya gharama kubwa asubuhi utafutwa na programu hiyo ndani ya wiki chache ikiwa imeachwa ikifanya kazi. Kuizima kunaleta wajibu pia, kwa kuwa kijitaa kitaendelea kuzeeka bila kurekebishwa. Jengo la namna hiyo lahitaji kihisi chenye vipokezi viwili, au ratiba ya ugezi isiyokosekana, au vyote viwili.

Mahali kifaa kilipofungwa pia huweza kukifanya kihisi kizuri kionekane kibovu. Kanuni za California zinataka kiwe kati ya takriban sentimita 90 na 180 kutoka sakafuni, mahali watu wanapopumua. Kikiwekwa karibu na mlango, dirisha au tundu la kiyoyozi, husoma hewa isiyo ya chumba. Kikiwekwa juu ya kiti cha katibu muhtasi, husoma pumzi zake. Kasoro inayosahaulika zaidi ni tundu la nyaya lililo nyuma ya thamostati yenyewe. Hewa kutoka ndani ya ukuta au juu ya dari hupenya humo na kuingia moja kwa moja kwenye kihisi, na kifaa huishia kupima hewa ya ukutani. Kuliziba tundu hilo ni kazi ya dakika mbili, na ni vyema ikafanyika kabla ya kuanza ugezi.

Mtu asiye fundi naye anaweza kugundua mengi kwa macho. Jumatatu asubuhi, kabla ofisi haijajaa, namba inapaswa kuwa karibu na 420 hadi 450. Ikiwa ni 600 katika jengo lililokaa tupu siku mbili, yafaa fundi aitwe. Namba iliyo chini ya 400 katika hewa ya mjini haiwezekani. Skrini inayosoma 350 imekiri yenyewe kwamba imepotoka. Vipo vifaa ambavyo havikubali kuonyesha chini ya 400 hata vinapokuwa vimepotoka sana, na vyenyewe hujulikana kwa dalili nyingine: namba husimama kwenye 400 kamili kwa saa nyingi bila kutikisika, ilhali watu wanaingia na kutoka. Katika wodi, jaribio jepesi ni kufungua madirisha yote mchana wenye upepo na kuangalia skrini baada ya muda. Namba ikigota 400 mapema huku hewa ikiwa bado nzito, programu ya kujirekebisha ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kwa taasisi zinazonunua, tahadhari huanza kwenye zabuni. Sokoni vipo vifaa vya bei ndogo vinavyoonyesha namba ya hewa ukaa bila kuipima: hupima mvuke wa kemikali nyingine hewani na kukadiria kwamba watu waliopo lazima wametoa kiasi fulani cha hewa ukaa. Vifaa hivyo hutambulika kirahisi. Vitakasa mikono vyenye kileo vikitumika karibu navyo, namba huruka ghafla, ingawa hewa ukaa haikubadilika hata kidogo. Hakuna ugezi unaoweza kukifanya kifaa kipime kitu kisichokuwa na uwezo wa kukipima. Kwa hiyo maelezo ya zabuni yanapaswa kutaja wazi kwamba kihisi kinachotakiwa ni kile kinachopima hewa ukaa yenyewe, kitaje kosa linaloruhusiwa, kitoe nafasi ya kuingiza mwinuko wa mahali, na programu yake ya kujirekebisha iwe inayoweza kuzimwa.

Vilevile, mkataba wa matengenezo ya viyoyozi ambao hautaji vihisi utavifanya visiguswe, kwa sababu fundi husafisha vichujio na kuongeza gesi ya kupoozea kama alivyolipwa kufanya. Baada ya kila ugezi, kibandiko kidogo kwenye thamostati kinatosha kubeba taarifa ambazo fundi atakayefuata atazihitaji: tarehe, namba iliyosomwa kabla na baada ya marekebisho, kipimo rejea kilichotumika, mwinuko ulioingizwa, na iwapo programu ya kujirekebisha imewashwa au imezimwa.